Sura ya Tano: Saa Kumi na Mbili ya Wapi?

Juu ya tiketi umegongwa muhuri wa kampuni. Chini yake karani ameandika kwa kalamu ya bluu: kuripoti 11:30 alfajiri, kuondoka 12:00 asubuhi. Msafiri wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa zaidi. Atatega simu imwamshe saa kumi, atatafuta bodaboda gizani, na jua likichomoza atakuwa ameshakaa kiti cha dirishani akisubiri gari litoke. Sijasikia hata mmoja aliyekwenda stendi usiku wa manane kwa sababu ya tiketi hiyo.

Kompyuta yangu ilikwenda.

Kazi yenyewe ilionekana ndogo. Kampuni moja ya mabasi, ambayo sina sababu ya kuitaja, ilikuwa imeweka kumbukumbu za safari zake kwenye faili la Excel. Sasa ilitaka ziingie zote kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, ili wenye mali wajue magari yanachelewa wapi na kwa muda gani. Safu ya tarehe ilikuwapo, safu ya muda ilikuwapo. Nikakadiria siku mbili. Zilikuja kuwa wiki tatu.

Tatizo ni kwamba safu zote mbili zilikuwa maandishi. Kwa hifadhidata, "12:00 asubuhi" na "chapati mbili" vina hadhi moja: herufi zilizopangwa mstari. Huwezi kutoa chapati mbili kwenye chai moja ukapata dakika. Ukitaka kujua gari limechelewa dakika ngapi, au lipi lilitangulia kufika Chalinze, lazima kwanza maandishi yageuzwe kuwa wakati: sekunde moja maalumu katika historia ya dunia, ambayo mtu wa Tanga na mtu wa Toronto watakubaliana kwamba ndiyo hiyo hiyo, hata kama saa zao za ukutani zinasema mengine.

Na maandishi yenyewe yalikuwa ya kila sampuli. "12:00 ASB". "12.00 asubuhi", kwa nukta. "6:00 AM", kutoka kwa wakala wa Nairobi. "06:00", bila neno lolote. "11:30 alfajiri". "1 usiku". Kila wakala aliandika kama alivyozoea kusema, na hapakuwa na aliyekosea, maana kila mmoja alieleweka na wateja wake.

Nilianza kwa uvivu. Nikaiambia programu popote inapokuta "asubuhi", "asb" au "alfajiri" iweke AM, na popote inapokuta "mchana", "jioni" au "usiku" iweke PM. Nikabonyeza, data ikaingia bila kulalamika, nikafurahi. Kesho yake nikampelekea karatasi karani mkuu wa ofisi ya tiketi, mama wa makamo ambaye alikuwa kwenye kazi hiyo kabla mimi sijamaliza shule. Akavaa miwani.

"Mwanangu, basi la Arusha linaondoka saa sita usiku?"

"Hapana mama, saa kumi na mbili asubuhi."

"Basi hapa umeandika nini?"

Nilikuwa nimeandika 00:00. Kwa Kiingereza, 12:00 AM ni usiku wa manane. Basi la saa kumi na mbili jioni nalo lilikuwa limegeuka la adhuhuri, kwa kuwa 12:00 PM ni saa sita mchana. Kila safari iliyoandikwa kwa saa za Kiswahili ilikuwa imesogea saa sita, na hifadhidata haikutoa onyo hata moja kwa sababu kila nilichoipa kilikuwa na sura ya wakati halali.

Hesabu ya saa za Kiswahili ni nyepesi kuliko wanavyodhani wanaoiona mara ya kwanza, mradi ukumbuke inahesabu nini. Inahesabu saa za mwanga, kisha saa za giza. Karibu na ikweta jua halihami sana, kwa hiyo kuchomoza na kuzama kwake kunatosha kuwa mwanzo wa hesabu. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mwanga kutimia. Kwa saa za mchana unaongeza sita: saa mbili asubuhi ni 8:00, saa tisa alasiri ni 15:00, saa kumi na mbili jioni ni 18:00. Kwa saa za usiku unaongeza kumi na nane, na jumla ikifika ishirini na nne au kuzidi, unaondoa ishirini na nne: saa moja usiku ni 19:00, saa nane usiku ni 26, yaani 2:00, na saa kumi na moja alfajiri ni 5:00. Kigeugeu ni mmoja tu, saa kumi na mbili asubuhi. Jina lake ni la asubuhi lakini hesabu yake ni ya usiku, kwa sababu ni saa ya kumi na mbili ya giza inayotimia. Ukiipigia hesabu ya mchana unapata 18:00 na basi la asubuhi linaondoka magharibi. Nilimtengea kigeugeu huyu mstari wake peke yake kwenye programu.

Kinachoumiza kichwa zaidi ni ile ishirini na nne inayoondolewa. Ukiiondoa, je, tarehe inasogea mbele? Tangu mabasi ya Tanzania yaliporuhusiwa tena kutembea usiku, mwaka 2023, swali hili limekuwa la fedha. Karani anaandika: Jumanne tarehe 12, saa 8 usiku. Ni usiku ulioanza Jumanne jioni, ambao kwa kalenda ya ukutani saa nane yake imeshaingia tarehe 13? Au ni saa nane ya kuingilia Jumanne, na abiria aje stendi Jumatatu baada ya chakula cha usiku? Waandishi wa habari wamelitatua kwa msemo wao mzuri wa "usiku wa kuamkia". Ofisi za tiketi nyingi hazina nafasi ya maneno matatu kwenye safu ya Excel. Na ukiteremka pwani mambo yanaongezeka chumvi, kwa sababu kwa hesabu ya Kiislamu siku huanza jua linapozama, na mzee wa Pemba akikuambia usiku wa Ijumaa anakusudia usiku ambao kalenda ya benki inauita Alhamisi. Hakuna amri ya kompyuta itakayokutolea jibu hilo kwenye maandishi. Halimo humo. Limo kichwani mwa aliyeandika.

Baada ya aibu ya kwanza nilirekebisha saa, kila kitu kikawa cha mtindo wa saa ishirini na nne, nikageukia ukanda wa saa. Hapa inafaa kusimama kidogo, maana ndipo wengi wenye akili kunizidi wamejikwaa.

PostgreSQL ina aina mbili za kuhifadhi tarehe na saa kwa pamoja. Ya kwanza, timestamp, ni sawa na picha ya saa ya ukutani: inasema akrabu zilikuwa wapi, haisemi ukuta ulikuwa mji gani. Ya pili, timestamptz, jina lake refu linaahidi kubeba ukanda wa saa ndani yake, na jina hilo limewadanganya watu wengi. Haibebi. Inapokea ulichoandika, inakigeuza kuwa saa ya dunia, UTC, kisha inahifadhi namba moja tu: ni mikrosekunde ngapi zimepita tangu tarehe 1 Januari 2000. Ukanda uliotumika kufanya hesabu hiyo unatupwa papo hapo. Unapokuja kusoma, inakugeuzia namba ile kwa ukanda wa kikao chako wewe msomaji. Kwa hiyo ukanda unahitajika mara moja, mlangoni. Ukikosea pale, kinachoingia ndani ni namba safi isiyo na kovu la kuonyesha ilikosewa.

Na usipoutaja? Haikatai. Inachukua ukanda uliowekwa kwenye kikao, ambao kwa seva nyingi za kukodi ni UTC. Basi la 06:00 la Dar es Salaam linaandikwa 06:00 ya Greenwich, na ukilisoma ukiwa Dar unaliona limeondoka saa tatu asubuhi. Kuna mtego mwingine ambao mimi naona ni mbaya zaidi. Ukiwa na maandishi mazuri, kamili, yenye ukanda wake mkiani, mfano 2024-03-10 06:00+03, halafu ukayaelekeza kwenye timestamp ile isiyo na ukanda, PostgreSQL inaukata mkia kimyakimya. Mtu alikuletea ushahidi wote na wewe ukautupa mlangoni.

Mimi nilijua hayo. Nikaandika amri iliyo sahihi kwa umbo: chukua maandishi, yafanye saa ya ukutani, kisha sema ni ukuta wa wapi.

(tarehe || ' ' || muda)::timestamp AT TIME ZONE 'UTC+3'

Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya Greenwich, sivyo? Nikatoa ripoti, nikampelekea mama. Akaipitia mstari kwa mstari, kidole chini ya kila namba. Basi la kwanza la Arusha, 12:00. Sawa. La Dodoma la saa mbili, 2:00. Sawa. La Tanga la saa nne, 4:00. Sawa. Akanirudishia na kunipongeza.

Msomaji aliye makini ameshashtuka. Nilikuwa nimeingiza 06:00, kwa nini imetoka 12:00?

Kwa sababu 'UTC+3' ilisomwa kwa utaratibu wa zamani wa POSIX, ambao unahesabu kinyume: alama ya kujumlisha humo maana yake ni magharibi ya Greenwich. Niliyaambia mabasi yangu kwamba yanaondokea mahali fulani kule Atlantiki ya Amerika Kusini. Saa 06:00 ya huko ni 09:00 ya Greenwich, na 09:00 ya Greenwich ni 12:00 ya Dar es Salaam. Kutoka tatu nyuma hadi tatu mbele ni saa sita. Saa sita! Tofauti ile ile iliyopo kati ya saa ya Kiswahili na saa ya Kizungu. Ripoti nilikuwa nimeitoa kwa mtindo wa saa kumi na mbili, bila AM wala PM, kwa hiyo kosa langu lilijitafsiri lenyewe na kila mstari ukasomeka Kiswahili safi. Karani wa London angelinasa kosa hilo kabla ya chai. Kwetu lilipita likiwa limevaa kanzu na kofia.

Lilinaswa na mabasi ya jioni. Gari la saa kumi na mbili jioni la tarehe 10 lilionyesha 12:00, sawa, ila lilikuwa limehamia tarehe 11, kwa kuwa 18:00 pamoja na sita ni usiku wa manane. Mama alipiga simu mwenyewe. "Mwanangu, hili la jioni umelilaza stendi?"

Tangu siku ile siandiki ukanda kwa namba. Naandika jina la mji: 'Africa/Dar_es_Salaam', pamoja na mistari yake ya chini. Wala situmii vifupisho. Kifupisho IST, kwa mfano, mfanyabiashara wa Mumbai anakiona ni saa ya India, saa tano na nusu mbele ya Greenwich, ilhali PostgreSQL kwa mipangilio yake ya kawaida inakisoma kuwa ni saa ya Israeli, mbili mbele.

Majina hayo ya miji yanatoka kwenye kumbukumbu moja inayotumiwa na karibu kila simu na seva duniani. Aliyeianzisha ni Arthur David Olson, Mmarekani, katika miaka ya 1980. Kwa miaka mingi sasa anayeisimamia ni Paul Eggert, na tangu 2011 imewekwa chini ya IANA, chombo kile kile kinachotunza majina na namba za intaneti. Humo kila mji una historia yake. Nairobi inaanza saa 2, dakika 27 na sekunde 16 mbele ya Greenwich, kwa kufuata jua lake yenyewe, kisha inapitia saa mbili na nusu, saa mbili na dakika 45, mpaka inatulia kwenye tatu. Ndiyo, wazee wetu waliwahi kuishi robo saa nje ya saa kamili.

Dar es Salaam nayo ilikuwa na historia yake humo. Lakini wasimamizi huunganisha miji ya ukanda mmoja ambayo saa zake zimefanana tangu 1970, kwa hiyo leo Dar es Salaam katika faili kuu ni jina la pili la Nairobi. Historia ya kale ya Dar imewekwa kwenye faili la pembeni ambalo baadhi ya mifumo hulijumuisha na mingine huliacha. Chukua kumbukumbu ya wodi ya wazazi ya Dar es Salaam ya mwaka 1950: seva moja itaihesabu kwa saa tatu kamili, nyingine kwa saa mbili na dakika 45, na zote mbili zimepewa amri ile ile. Kwa mabasi haijalishi. Kwa anayehamisha nyaraka za kale inajalisha sana, na ningemshauri apime seva yake kwanza.

Tarehe nazo zina lake. Sisi tunaandika 3/4/2024 tukimaanisha Aprili. PostgreSQL ikiwa kwenye mpangilio wa Kimarekani inaona Machi. Ikifika 13/4 inakataa kwa sauti, maana hakuna mwezi wa kumi na tatu, na mtu anadhani tatizo limeanza siku hiyo. Kumbe kuanzia tarehe 1 hadi 12 ya kila mwezi data ilikuwa ikiingia vibaya kimya. Mpe mfumo umbo la tarehe waziwazi, usiuachie ubashiri.

Baada ya hayo nilidhani nimemaliza, hadi nilipofika kwenye safari za Kigali. Rwanda iko saa mbili mbele ya Greenwich. Basi likitoka kituo cha Rusumo upande wa Tanzania saa mbili na nusu asubuhi, likavuka daraja, ng'ambo ni saa moja na nusu. Kwenye Excel gari lilikuwa likifika kabla halijaondoka. Dawa yake si kusahihisha saa. Ni kuongeza safu ya kituo, na kila kituo kikapewa ukanda wake, ili amri isome ukanda kutoka kwenye mstari wenyewe badala ya kupigiwa msumari jina la mji mmoja. Kongo ndiko utakakoona faida yake zaidi: Lubumbashi, Goma na Bukavu ziko saa mbili mbele, Kinshasa saa moja. Nchi moja, serikali moja, na ukiandika "saa za Kongo" hujasema kitu.

Wenye ndugu Ulaya wana balaa lao. Uingereza, usiku wa tarehe 30 Machi 2025, saa zilirushwa kutoka 01:00 hadi 02:00, kwa hiyo 01:30 ya usiku huo haikuwahi kutokea London. Tarehe 26 Oktoba mwaka huo huo ikatokea mara mbili. Maandishi yanayosema "01:30" hayakuambii ni ile ya kwanza au ya pili. Sisi wa ikweta tumeepushwa na hilo, ila hatujaepushwa na mabunge na mawaziri: Sudan Kusini ilitoka saa tatu ikaenda saa mbili tarehe 1 Februari 2021. Ndiyo maana ratiba ya safari zijazo siigeuzi kuwa UTC mapema. Naihifadhi kama saa ya ukutani pamoja na jina la mji, na kuigeuza gari likishaondoka. Kilichopita hakibadilishwi na waziri, lakini cha kesho kinaweza.

Mwishoni ilibaki mistari michache isiyogeuka. "6:00", hakuna neno, hakuna kituo, na kampuni ilikuwa na gari la alfajiri na la adhuhuri kwenye njia hiyo hiyo. Kijana mmoja wa ofisini alinishauri niweke 06:00, yaishe. Nikakataa. Safu ya wakati nikaiacha tupu kwa mistari hiyo, na pembeni ya kila mstari, yote kabisa, iliyogeuka na isiyogeuka, nikaacha safu yenye maandishi ya asili kama karani alivyoyaandika, na nukta zake na makosa yake.

Kisha nikaichapisha ile michache kwenye karatasi, nikaenda nayo ofisi ya tiketi. Mama akavaa miwani. Hakuangalia namba kabisa, aliangalia jina la wakala. "Huyu alikuwa Mkenya, huyu. Hii ni alfajiri." Akashuka mstari. "Huyu ni wetu wa Korogwe. Hii adhuhuri." Kwa mstari mmoja alitikisa kichwa akasema hajui, na huo mpaka leo uko tupu.

Ukiwa na kazi kama hii mezani, usifute maandishi ya asili, na mtafute aliyeyaandika angali kazini.